Mwalimu wa Wiki Mbili

Niliombwa nizungumze juu ya wageni wanaotoka ng'ambo kuja kujitolea katika shule zetu za awali na za msingi. Nilimwuliza aliyenialika kama angependa niwasifu au niwaseme. Akacheka, akaniambia nichague mwenyewe. Nimechagua kuwasema wenyeji. Wageni wamesemwa vya kutosha, tena na watu wa kwao. Sisi tunaowafungulia mlango wa darasa ndio ambao hatujaulizwa swali hata moja.

Nianze na jambo mnalolijua. Kila mwaka, ifikapo Juni, Moshi na Arusha hupokea makundi kwa makundi ya vijana kutoka Ulaya, Marekani na Australia. Wengi wana miaka 18 au 19; wamemaliza sekondari na hawajaingia chuo kikuu, au wako chuo na wamefunga. Wameilipa kampuni ya huko kwao, nayo imewatafutia nyumba ya kulala na shule ya kwenda. Watakaa wiki mbili, tatu, pengine nne, kisha watapanda Mlima Kilimanjaro au watakwenda Serengeti na Zanzibar, halafu nyumbani. Asubuhi ya kwanza mgeni hutambulishwa mstarini, watoto humwimbia, hutia sahihi kitabu cha wageni, na tangu hapo jina lake ni Ticha. Kesho yake, saa mbili asubuhi, amesimama mbele ya Darasa la Tatu, chaki mkononi, peke yake. Mwenye darasa yuko ofisini anasahihisha madaftari.

Sisemi kwamba mwenye darasa ni mvivu. Lengo la Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na ninyi mnajua darasa la watoto 80 au 100 linavyomchosha mtu. Akitokea yeyote wa kulishika kwa kipindi kimoja, mwalimu atashukuru kwanza na kuuliza sifa zake baadaye, au asiulize kabisa. Hilo la kutouliza ndilo lililonileta hapa.

Ujio wa wageni hawa una historia. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha VSO, shirika la kupeleka watu ng'ambo kujitolea. Waliotumwa mwanzoni walikuwa vijana waliotoka shule, wa miaka 18. Haukupita muda mrefu shirika likaanza kutafuta wahitimu wa vyuo vikuu, na baadaye watu wenye taaluma na uzoefu wa kazi. Yaani shirika lililoasisi mtindo wa kumtuma kijana wa miaka 18 liliuacha lenyewe. Kampuni za safari ndizo zilizouokota, zikautia bei.

Tarehe 1 Machi 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps, shirika la serikali yake la kupeleka watu nje kujitolea, na Tanganyika ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake. Sisi tuliletewa wapima ardhi na wahandisi wa barabara. Walimu walikwenda Ghana. Waliposhuka uwanja wa ndege wa Accra tarehe 30 Agosti 1961, walijipanga wakawaimbia wenyeji wao kwa lugha ya Kitwi. Walikuwa wamejifunza kabla hawajaikanyaga nchi. Mwaka huohuo ulianza mpango wa Walimu kwa ajili ya Afrika Mashariki, ulioendeshwa na chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wamarekani, pamoja na Waingereza, wakaja kufundisha sekondari za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa mkataba wa miaka miwili, na wengi wao walipitishwa Makerere kwanza wafundwe kazi.

Wakati huo tuliwahitaji kweli. Mwalimu Nyerere alikuwa akisimulia kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Walimu Waafrika wenye shahada walikuwa wa kuhesabika. Mmarekani aliyekuja kufundisha fizikia Tabora au Iringa alikikalia kiti ambacho hapakuwa na Mtanganyika wa kukikalia.

Na bado wenyeji walikuwa na neno la kusema. Machi 1967 Mwalimu alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 Peace Corps waliondoka Tanzania, wasirudi hadi 1979. Siasa za miaka ile zilikuwa nyingi, vita vya Vietnam vikiwemo, nami sitaziingia. Angalieni tu kilichofanyika wakiwa hawapo. Novemba 1974 likatoka Azimio la Musoma, na nchi ikaamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto awe shuleni. Walimu hawakutosha, hivyo wakachukuliwa vijana waliomaliza Darasa la Saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Tuliwacheka sana walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, na ubora ulishuka kweli; anayekataa hilo hakusoma wakati ule. Lakini mwalimu wa UPE aliijua lugha ya mtoto, na Jumatatu ya wiki iliyofuata alikuwepo.

Sasa tutazame leo. Tuliondoa ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaiondoa hadi Kidato cha Nne, na kuanzia Januari 2016 watoto wakafurika. Mwaka huohuo wa 2016 ajira serikalini zilisimamishwa ili kuhakiki watumishi hewa, kisha ukafuata uhakiki wa vyeti. Vyuo havikusimama. Dar es Salaam, Dodoma, Mkwawa, vyuo vya kanisa na vyuo vya ngazi ya cheti viliendelea kutoa walimu kila mwaka, na ajira zilipofunguliwa tena zikawa za kudonoa. Matokeo yake mnayaona: madarasa yamejaa watoto, mitaa imejaa walimu. Mwaka 1961 tulipungukiwa watu. Leo tumepungukiwa mishahara.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu, na ajabu ni kwamba matangazo ya kampuni za kujitolea bado yanaandikwa kana kwamba tuko 1961. Kijana wa Manchester au Toronto anaambiwa kuna watoto wasio na mwalimu. Haambiwi kwamba mwalimu yupo, ana shahada, anaishi nyumba ya tatu kutoka shuleni, anaendesha bodaboda ya mjomba wake.

Tena wengine hawako hata kwenye bodaboda, wako darasani. Tunawaita walimu wa kujitolea, na mnapolisikia jina hilo mimi na ninyi hatumfikirii Mzungu. Ni binti aliyemaliza chuo miaka kadhaa iliyopita, anafundisha vipindi sawa na mwajiriwa, anaandika azimio la kazi na andalio la somo, anakaa zamu, na mwisho wa mwezi anapewa nauli iliyochangwa na wazazi, au hapewi kitu. Kila nafasi za ajira zikitangazwa anaomba upya. Katika ofisi moja ya walimu, basi, wanaweza kukaa wawili wanaojitolea: mmoja amelipa ili afundishe, mwingine anafundisha na halipwi. Tiketi ya ndege ya yule wa kwanza peke yake inazidi mshahara wa miezi miwili wa mwalimu mpya wa shule ya msingi. Mgeni hana kosa katika hesabu hiyo, maana hakuonyeshwa. Mwalimu mkuu huiona kila siku.

Niseme kidogo kuhusu kufundisha kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi hujibu kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna. Mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili yupo shuleni kwa ajili ya KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Anaunganisha silabi kwa Kiswahili. Mwalimu wake anapaswa kusikia kwamba mtoto huyu anachanganya "r" na "l" kwa sababu ya lugha ya nyumbani, na kwamba yule wa nyuma anatamka kila kitu sawasawa kwa kuwa amekariri ukurasa, hasomi. Asiyejua Kiswahili hawezi kusikia hayo. Kwa hiyo mgeni hufanya anachokiweza: anafundisha rangi kwa Kiingereza, sehemu za mwili, siku za wiki, na wimbo wenye kushika kichwa na magoti. Watoto hufurahi mno. Baada ya wiki mbili anakuja mwingine, naye anaanza na rangi. Chekechea inayopokea wageni mwaka mzima inaweza kuwafundisha watoto rangi mara kumi bila kuwafikisha kwenye sentensi moja.

Kalenda nayo inatusuta. Wenzetu wa kaskazini wana likizo yao ndefu kuanzia Juni hadi Agosti. Sisi Juni tunafunga shule. Tukifungua Julai, mwalimu wa Darasa la Saba anaukimbilia mtihani wa Septemba na hana dakika ya kumtafutia mgeni kazi. Kwa maneno mengine, wanakuja wengi wakati ambapo shule imefungwa au imeelemewa. Zipo shule zinazowaita watoto likizoni ili wageni wapate wa kuwafundisha. Hapo jiulizeni ni nani anamhudumia nani.

Kuhusu ujenzi na kupaka rangi sitakawia. Mwaka 2014 mwandishi Mmarekani Pippa Biddle alisimulia safari yake ya Tanzania akiwa mwanafunzi. Yeye na wasichana wenzake walijenga ukuta wa maktaba mchana. Usiku mafundi wa hapa waliubomoa na kuujenga upya, kwa kuwa matofali hayakupangwa sawa, na wasichana wale wasijue. Wasomaji wa kwao walishtushwa na ujinga wa wasichana. Mimi nilishtushwa na adabu ya mafundi. Walifanya kazi mara mbili ili mgeni asione aibu. Ukarimu wa namna hiyo sisi tunauita heshima, lakini mara nyingi ni woga wa kumpoteza mfadhili.

Vituo vya kulelea watoto yatima navyo nitavipita haraka, ingawa ndiko kwenye uovu mkubwa zaidi. Imeonekana Kambodia na Nepal kwamba wageni wanaolipa ili wacheze na yatima huleta yatima wasio yatima: watoto wenye wazazi huchukuliwa majumbani ili kituo kijae. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017. Australia, katika sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa siku hizi, ilikuwa nchi ya kwanza kutambua biashara hiyo kuwa aina ya utumwa. Shule yenye bweni la watoto wadogo linalofunguliwa kwa watalii kila Ijumaa isijidhani iko mbali na habari hii.

Sasa niwageuzieni safari. Mwaka 2008 Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts wa kupeleka vijana wake nje kujitolea, na Tanzania ni moja ya nchi zinazowapokea. Hao nawatofautisha na wa wiki mbili, maana wengi hukaa mwaka na huandaliwa. Miaka mitano hivi baadaye ukaongezwa upande wa pili: vijana wa nchi za kusini kwenda Ujerumani. Watanzania wamo, na baadhi hupangiwa chekechea na shule.

Fuatilieni anavyopokewa kijana wetu. Anajifunza Kijerumani, na anaendelea na kozi akifika. Anaingia chini ya sheria yao ya huduma ya kujitolea ya mwaka 2011, yenye posho, bima na siku za mafunzo. Anayefanya kazi na watoto kule hudaiwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Akifika kwenye chekechea anawekwa chini ya mlezi aliyesomea kazi hiyo kwa miaka. Anasaidia kuwavisha watoto makoti, anakata matunda, anasoma kitabu na watoto watatu pembeni. Darasa hakabidhiwi. Hata kama ana shahada ya ualimu ya Dodoma, hakabidhiwi, kwa sababu shahada hiyo haijathibitishwa kwao. Nami sijasikia mzazi wa Kijerumani akilalamika kwamba masharti hayo yanamnyima mtoto wake baraka ya mgeni.

Sasa mchukueni Mjerumani wa wiki mbili, wa umri uleule, au Mholanzi, au Mkanada, mleteni Moshi. Hajui Kiswahili. Hakuna aliyemwomba cheti cha polisi. Siku ya pili ana watoto 80. Ni mtu yuleyule ambaye kwao haruhusiwi kubaki peke yake na watoto kumi na watano. Kilichobadilika ni mlango alioingilia, na mlango huu ni wetu.

Mtu ataniuliza: basi tuwafukuze? Hapana. Mwaka 1968, tarehe 20 Aprili, Padri Ivan Illich alihutubia wanafunzi wa Kimarekani huko Cuernavaca, Mexico, waliokuja kujitolea vijijini. Aliwaambia waje kutazama, waje kupanda milima, waje kujifunza, ila wasije kusaidia. Mimi naona alizidisha. Nimewajua wageni waliokaa sekondari ya kata kwa miaka miwili, wakifundisha hesabu na kemia kwenye shule isiyokuwa na mwalimu hata mmoja wa masomo hayo, wakiongea Kiswahili cha sokoni, wakisimamia mtihani wa majaribio Jumamosi. Somo la sayansi sekondari linafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hapo mgeni ana cha kutoa na mwanafunzi ana masikio ya kukipokea. Huyo apewe meza ofisini na heshima yote ya ualimu.

Hata yeye, hata hivyo, asiachwe peke yake na somo. Machi 2020, kwa sababu ya Uviko, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote duniani kwa mara ya kwanza katika historia yake: kama 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60. Waliondoka ndani ya siku chache. Shule iliyokuwa imempanga Mtanzania kando ya mgeni, wakigawana vidato na kuachiana maandalio, ilipofunguliwa tena ilikuwa na mahali pa kuanzia. Iliyomwachia mgeni kemia yote ilibaki na kabati lililofungwa na ufunguo usiojulikana uliko.

Wa wiki mbili wana kazi pia, ila si ile wanayouziwa. Wazungumze Kiingereza na walimu, si na watoto wa chekechea. Walimu wetu wengi wanakisoma vizuri na wanakosa mtu wa kuongea naye. Wapange vitabu vya maktaba na kuviandika kwenye daftari. Wakae na Kidato cha Nne mchana, wajibu maswali yao. Au waje kama watalii, walipe kiingilio cha hifadhi, wale wali kwenye mgahawa wa mama yetu, warudi salama. Utalii si dhambi, na unalipa kodi.

Nawageukia sasa wenye shule. Barua ya kampuni itakapofika, na itafika kabla ya Juni, msiijibu siku hiyohiyo. Ipelekeni kwenye kamati ya shule. Mwulizeni Afisa Elimu Kata. Takeni cheti cha polisi cha kwao na kibali cha ukaazi daraja C, ambacho sheria zetu zimekiweka kwa ajili ya wanaojitolea. Semeni kwamba anayetaka kusimama mbele ya watoto aje kwa muhula mzima, aanze siku shule inapofunguliwa, awe anajua Kiswahili cha kutosha kumwelewa mtoto anayeumwa tumbo, na wiki za kwanza akae nyuma ya darasa akitazama. Asibaki peke yake na watoto, wala asiwapige picha. Wanafunzi wa Norway walio katika shirika la SAIH wameandika mwongozo kuhusu picha kwa ajili ya wasafiri wa kwao, kwa hiyo mgeni hatashangaa mkimkataza.

Kisha lisemeni la fedha bila kumung'unya maneno. Kampuni inauza darasa lenu. Iingize sehemu ya malipo kwenye akaunti ya shule, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao, wazazi wasomewe, na ielekezwe kwenye posho ya mwalimu wa kujitolea Mtanzania. Mgeni mmoja wa wiki mbili, kwa anachokilipa, anaweza kumweka binti yule darasani kwa miezi. Kampuni yenye nia njema itakubali, na zipo. Itakayokataa iandikieni mistari miwili: asanteni, hatuna nafasi.

Ninyi vijana wa chuo, mkipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule yenye wageni, msiondoke darasani kuwapisha. Na kwa wajumbe wa kamati: mkutano wa wazazi wa Januari hauko mbali. Jambo hili liwe kwenye ajenda, lijadiliwe kabla ya mengineyo.